Lebo ya Kizaramo

Jumatano, 17 Aprili. Mvua ilianza alfajiri, haikatiki wala haizidi. Uwanja wetu hapa Boko ni tope tupu.

Kazi yangu ni kubandika lebo za lugha. Naletewa kwenye kompyuta jumbe za simu za watu waliokubali kuzichangia, majina yamefutwa, na kwa kila mmoja nachagua lebo: Kiswahili, Kiingereza, mchanganyiko, Kihaya, Kizaramo. Mtu wa pili anachagua bila kuona nilichochagua. Lebo ya Kizaramo niliiomba mie. Msimamizi wetu alikubali kwa sharti moja: sie wawili tusipokubaliana hata ujumbe mmoja kuwa ni Kizaramo mpaka leo, anaiondoa.

Ujumbe uliobaki ulikuwa mmoja, mrefu, na nusu yake naisikia. Kizaramo changu ni cha kugombezwa na kutumwa maji. Mama alisema nasi hicho, sie tukajibu Kiswahili. Nilihisi ndicho. Lakini kuhisi si kujua, na Kikwere kinakaribiana na chetu. Nisije nikawapokonya wenzetu chao.

Nikaenda kumsomea mama, anakuna nazi. Sikufika katikati.

"Ishia hapo hapo! Hayo ni ya kulilia maiti. Nani kafa humu?"

"Hajafa mtu, mama. Niambie tu, ni Kizaramo au Kikwere?"

"Hayasomwi nyumbani kwangu pasipo msiba. Unatuletea uchuro, na mgonjwa yumo ndani!"

Akaonyesha kwa kidevu chumba alimolala baba. Sikumlazimisha, mgonjwa kweli yumo. Labda ningetosheka kwamba kakitambua kilio, ila mama kalia hata misiba ya Wakwere.

Nikachagua "Sina hakika".

Yule mtu wa pili, Mhaya anayekaa Ubungo, alikuwa kachagua Kiswahili. Mchana akanipigia.

"Mzaramo gani wewe, chako mwenyewe hukijui?"

"Kale senene huko, panzi wenu hao!"

Akacheka, kisha akapoa. "Mie nilibahatisha tu, ndugu yangu. Ungeandika Kizaramo, wakati wa kusuluhisha tofauti zetu ningekufuata."

Nikaufungua tena ule ujumbe; chaguo langu lilikuwa limeshafungwa.

Saa kumi lebo iliondolewa. Simlaumu msimamizi, sharti lilikuwa wazi. Kilio cha watu kimetupwa kwenye Nyinginezo, pamoja na vicheko na namba tupu. Najiuliza kama nilitenda haki au niliogopa tu. Mwenye kusoma zaidi yangu pengine angejua. Nilitaka kuandika hapa itakuwaje siku mama hayupo, nani nitamuuliza, mkono ukagoma. Huo nao ni uchuro.

Magharibi mama akaniuliza, "Yale maneno yako umeyafanyaje?"

"Yameondolewa, mama."

"Afadhali."

Tumekula muhogo wa nazi na dagaa. Baba kanyweshwa uji.