Jiwe la Kona ya Wavu

Blanchard alikuwa kinyozi wa mwisho pale karibu na stesheni ya Kalemie aliyenyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, na wembe wenyewe ulikuwa umeanza kumwaibisha. Jiwe la kunolea alilorithi kwa baba yake lilianguka sakafuni likawa vipande vitatu. Tangu siku hiyo wembe haukunyoa, uling'oa. Papa Léon, mstaafu wa reli, aliinuka kitini na vipande vinne vya karatasi shavuni, kila kimoja kikinywa damu yake.

"Blanchard, hii Jumamosi, siku ya posho, ninaoza mutoto. Ukinitoa damu tena, ninavuka barabara, ninaenda kwa Tony na mashini yake."

Ng'ambo ya barabara, Tony alikuwa amezima muziki makusudi ili asikie vizuri.

Msako ukaanza. Shemeji yake alimletea jiwe jekundu kutoka Manono, zito kama begi la mgeni asiyetaja siku ya kuondoka. Lilikuwa na punje kama mchanga. Wembe ukatoka na meno ya msumeno. Akahamia ufukweni. Akiokota jiwe, analitemea mate, analipitishia ukucha wa dole gumba. Ukucha ukichubuka, jiwe linarudi ziwani na zamu inapita kwa kidole kingine. Kufika Alhamisi kucha zote kumi zilikuwa zimekwisha, na watu wakasema Blanchard anatafuta almasi.

Ijumaa akapita penye nyavu za Mama Micheline, mwanika ndakala, wale dagaa wa ziwani. Kona ya wavu mmoja ilikandamizwa na jiwe jeusi, bapa. Blanchard akachuchumaa, akapitisha kile kilichobaki cha ukucha. Kiliteleza kama kwenye sabuni.

"We Papa, unapapasa jiwe yangu namna gani? Kwako hakuna bibi?"

"Mama Micheline, unipe hii, nakuletea ingine kumi."

"Kumi ya nini? Kona iko moja!"

Wakabadilishana kwa lile la Manono. Zito vile, hata upepo wa ziwa ungeliamkia.

Nyumbani wembe ukateleza juu ya jiwe bila kelele. Nywele za mkono wake zikaanguka bila ubishi. Kwa furaha Blanchard hakukumbuka kunusa. Miaka yote ile jiwe lilikuwa likinywa mafuta ya ndakala.

Siku ya posho Papa Léon akaketi, macho kayafumba kama anang'olewa jino. Wembe ukapita shavu la kushoto, ukapita la kulia. Hakuna hata tone. Kisha pua yake ikacheza.

"Blanchard. Unaninyoa ao unanikaanga?"

Tony akacheka mpaka akashika mlango. Blanchard alisimama na wembe hewani.

Papa Léon akapitisha kiganja mashavuni polepole, kama zamani alivyokagua reli. Akarudia. Hakukuta kitu.

"Weka manukato," akasema. "Mingi."

Alipotoka, paka wa stesheni aliinuka akamfuata. Papa Léon akageuka, akamtazama paka, akamtazama kinyozi.

"Juma ijayo, saa ile ile. Nitakuja na ugali yangu, bukari ya moto."