Siku Niliyomwambia Mama Anyamaze

Mimi ndiye niliyemwambia mama anyamaze. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisimulia habari za msitu wetu huanza na serikali, na mimi nimechoka kujificha nyuma ya serikali.

Ilikuwa ile miaka jiji la Doha, huko Qatar, likichimbwa kila kona. Nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, kiti cha plastiki na feni inayopuliza joto. Kwetu Kenya sisi ni watu wa msitu, wafuga nyuki, kabila dogo kiasi kwamba hata Wakenya niliolala nao chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura walikuwa wakiniuliza, "Ati nyinyi ni akina nani?" Mama aliishi peke yake ndani ya msitu huo, hatua chache kutoka kaburi la baba. Hakutaka kitu kingine duniani ila kufa pale na kuzikwa kando yake. Alilisema hilo kila nikimpigia, mpaka nikawa namtania kwamba mzee naye ana haki ya kupumzika kidogo.

Basi chifu akaitisha baraza. Serikali ilitaka msitu uwe hifadhi isiyo na watu, na sheria iliilazimu kwanza iwaulize wenyeji. Wacha nifurahi! Niliwahutubia wenzangu chumbani kama wakili. Nikawaambia siku hizi serikali haiwezi kukuhamisha hivi hivi, lazima ikae na wewe, ikuulize, ikusikilize. Mganda mmoja aliyelala kitanda cha juu yangu akauliza, "Na mkikataa?" Nikamjibu kwamba watarudi tuzungumze tena.

Kwetu, swali la ardhi halijibiwi siku ile ile. Mgeni husema, nyinyi mkasikiliza kimya, mkaenda nyumbani. Koo zinakaa, wanawake wanatoa yao, na mgeni akirudi ndipo anapopewa jibu. Kumjibu papo hapo ni kumdharau. Ukimya wetu maana yake ni kwamba tumesikia, rudi.

Siku moja kabla ya baraza mama alikuwa na wasiwasi. "Hawa watarudi kweli?" akaniuliza. "Mimi nataka kusimama niseme hapana, yaishe."

"Mama, usinitie aibu. Fuata desturi. Haraka haraka haina baraka."

Mama akitaka kugombana huacha lugha yetu akahamia Kiswahili. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema.

"Nyamaza tu kesho, mama. Sheria iko upande wetu. Mimi nimesoma."

Mjuaji mimi!

Dada yangu alikwenda naye, na ndiye aliyenisimulia. Ofisa alisoma karatasi zake saa nzima, kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu kimya. Mama alikuwa amekishika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia chafya. Ofisa akauliza mara ya pili. Kimya. Akashukuru, akaandika, watu wakapewa soda na mkate, magari yakaondoka. Kuanzia kesho yake koo zilikutana wiki mbili nzima. Jibu lilikuwa hapana, na walikuwa wamepanga hata nani ataanza kusema na nani atafuata.

Hawakurudi. Waliokuja ni askari wa misitu na barua iliyosema kwamba wenyeji walishauriwa na hakuna aliyepinga. Mama aliruhusiwa kutoa sufuria na blanketi, kisha nyumba ikachomwa. Akahamia chumba cha mabati kando ya barabara kuu, na kaburi likabaki ng'ambo ya ua wa seng'enge asioruhusiwa kuvuka.

Niliitukana serikali kwa kila lugha ninayoijua. Lakini na mama hatukuligusa neno lile. Miaka sita nilimpigia kila Ijumaa nikitoka kanisani Mesaimeer, maana kule siku ya mapumziko ni Ijumaa, nikamuuliza habari za magoti na mvua na mbuzi, naye akanijibu hizo hizo. Uoga mtupu.

Watu wetu walikwenda kortini, na korti ikasema kuja mara moja, kuuliza na kuondoka si kushauriana. Serikali ikaitisha kikao cha maridhiano, na kwa bahati kikaangukia Ijumaa. Dada aliwasha video, nami nikasimama kwenye maegesho ya magari nje ya kanisa, nimejibana kwenye kivuli cha ukuta. Mama hakujua kwamba namsikia.

Ofisa safari hii alikuwa kijana mpole. Aliomba radhi, akasema, "Chukueni muda wenu mfikirie. Tutarudi kusikia jibu." Alikuwa amejifunza desturi yetu, jamani, baada ya yote hayo.

Mama akasimama. Mzee mmoja akamvuta shali aketi, mama akaukwepa mkono wake.

"Mimi najibu leo," akasema. "Siku ile nilikuwa na neno. Mwanangu aliye Uarabuni aliniambia ninyamaze, kwa sababu aliwaamini nyinyi. Yeye nimeshamsamehe, ni wangu. Nyinyi nifungulieni huo ua nikalale na mume wangu, ndipo tuzungumze habari ya kusamehe."

Nilichuchumaa pale pale. Mama mmoja Mkenya aliyekuwa akipita akaniletea maji, akidhani jua limenipiga. Nililia mbele ya watu nisiowajua, na sikuona haya.

Nilijiambia nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu nikienda likizo, uso kwa uso, si kwa simu. Likizo ikaahirishwa. Mama akaugua kifua, siku tisa tu, na mazishi yake niliyaona kwenye simu ya dada, kando ya barabara, malori yakipita nyuma ya padri.

Serikali ilirudi kweli, kama ilivyoahidi, na kibali cha kufungua ua. Mama alikuwa na miezi minne kaburini. Dada alinipigia kunieleza, akaniuliza wawajibu nini.