Kinu cha Ndizi na Mpango wa Profesa

Shule niliishia darasa la tatu. Leo nina karakana yangu mjini Ngara, na gari likiwashinda mafundi wenye vyeti huletwa kwangu likivutwa kwa kamba. Naanza na hilo ili msomaji ajue ni nani anayemwambia haya.

Kabla ya vita vya Kagera niliishi Kasulo, katika kijiji cha ujamaa. Ndizi za pombe zilikamuliwa kwa mikono, zikichanganywa na majani makavu, hadi vidole vinachubuka. Mimi nikachonga parafujo nene ya mti, nikaiwekea mkono wa kuzungushia na sanduku la mbao la miguu minne chini. Kazi iliyowachosha wanawake asubuhi nzima, kinu changu kiliimaliza kabla uji haujapoa. Nilikitengeneza peke yangu, kwa panga na tezo.

Siku moja bwana shamba akamleta profesa wa Kizungu. Jimbo lao huko Ulaya lilikuwa na mpango: chuo kikuu kitafute mtu aliyebuni kifaa, kimpeleke kwao, kimpe karakana, chuma na mwaka mzima wa kufanya majaribio. Mwili ukanisisimka. Chuma! Mimi niliyechonga parafujo ya mti kwa kukosa chuma!

Profesa akauliza, bwana shamba akatafsiri: "Nani ametengeneza hiki?"

"Kijiji," mwenyekiti wa kijiji akajibu.

"Ndiyo, lakini ni nani hasa?"

"Sisi sote!" watu wakaitikia kama wako mkutanoni, hata wasiowahi kushika tezo.

Nikajipenyeza mbele. "Shikamoo, mzee mwenyekiti. Ni mimi."

"Marahaba. Ndugu, mti uliukata msitu wa nani?"

"Wa kijiji."

"Na ndizi?"

"Za kijiji."

"Sasa chako kipi? Jasho?" Watu wakaangua kicheko. "Ubepari huanza hivyo hivyo, mimi, mimi!"

Profesa akasikitika. Alisema sera yao haina nafasi ya kijiji kizima, inataka jina moja, naye angerudi kulichukua baada ya mavuno. Sera yao ilimtaka mtu mmoja, yetu haikutaka hata kumsikia. Nikabaki katikati, nimekunja ngumi mfukoni.

Mkutano ukaitwa kuchagua jina hilo. Wakamchagua katibu wa kijiji, eti anajua Kiingereza.

"Wakimpa hicho chuma, atachonga nini?" nikauliza.

"Atajifunza hukohuko," mwenyekiti akasema.

Nikaapa kwamba profesa akirudi nitamvizia njiani nimweleze mwenyewe. Mavuno hayajaisha, vita vikaanza. Malori yakaelekea mpakani, ndizi zetu zikachangwa kwa ajili ya askari, na kwa hilo sina kinyongo. Ila profesa hakurudi tena.

Kwa kuwa ndizi zilikwenda vitani, kinu kikakaa bila kazi kwenye uwanja wa kijiji. Nikamwendea mwenyekiti: "Mzee, basi nipeni nikitunze kwangu. Mchwa wameanza kukila."

"Ndugu, mali ya wote haihamii nyumbani kwa mtu."

Nikawa napita pale kila siku, nakiangalia kikiliwa, mguu mmoja baada ya mwingine.