Sauti ya Bi Zuhura

Leo nimemwosha Bi Zuhura, aliyenifundisha kuosha maiti hapa Mtongwe.

Ya mwilini siyasemi, hiyo ni amana. Nasema yangu.

Kuongoza kuliniangukia mimi. Nikajitia ukali wake: "Shika hapo! Maji taratibu! Usinililie juu ya maiti!"

Kati ya wanawake waliokuja kusaidia kuosha, hakuna aliyetikisika.

Binti yake akanitazama. "Dada, hiyo ni sauti ya mama. Na mama huyo hapo, amelala."

Wallahi, nilitahayari.

Nikasema kwa kisauti changu hiki hiki: "Jamani, mimi naogopa. Tusaidiane."

Ndipo mikono ikaja.

Sasa niko nyumbani, vidole vinanuka kafuri. Mlioachiwa kazi na walimu wenu, mliwezaje? Maana Bi Zuhura hakuacha kunikosoa hata siku moja, na leo kaninyamazia mwanzo mpaka mwisho.