Shangazi Alinipima Kiuno

Usiku ule nililala bila wasiwasi wowote. Jioni yake tulikuwa tumemkalisha chini dada yangu Rehema, mnene wetu, tukimsihi apunguze wali na soda asije akapata kisukari kama marehemu shangazi Mwanaidi. Mimi, mwembamba, ndiye niliyesema sana.

Nikaota niko barazani kwa shangazi, kule Muheza, asubuhi, jua limefika hadi kwenye cherehani. Shangazi alikuwa fundi wa nguo. Kisukari kilisababisha akatwe mguu, mwisho kikamchukua. Lakini sasa amesimama kwa miguu yote miwili, futi ya kupimia nguo shingoni, nasi ndugu tumejipanga atupime kama tunashonewa sare ya harusi.

Anafika kwa Rehema, anampapasa bega, anapita. Anakuja kwangu.

Baraza haipo tena. Ni wodi ya wazazi, nami nimelala, nina mimba ya binti yangu Salma. Shangazi anazungusha futi kiunoni mwangu. Vidole vyake ni vya baridi.

"Mimi, shangazi? Mimi ni mwembamba."

"Mikono na miguu. Hili tumbo je?"

Natazama. Mimba imeondoka, tumbo limebaki.

"Na humu wodini walikwambia nini?"

Walisema sukari imepanda. Nilipojifungua ikashuka, nami nikasahau kabisa, miaka yote hii.

"Mimi pia nilikuwa mwembamba, Zuhura. Hakuna aliyenikalisha chini."

Nainamisha macho. Mguu wake mmoja haupo. Nikapiga ukelele.

"Una nini?" Mume wangu alikuwa akinitikisa.

"Shangazi amenipima," nikasema.

Kulipokucha nikampitia Rehema, tukaenda zahanati wote wawili. Sukari yake ilikuwa sawa. Yangu imepanda. Nilimwomba muuguzi arudie kipimo. Akarudia, jibu likawa lile lile.

"Bado si kisukari, dada," akasema. "Ila kwa ile sukari ya mimba na hilo tumbo, ungetakiwa uje zamani. Watu wa hali yako ndio tunaowataka mapema, kwa sababu mkibadili chakula na mkatembea, wengi mnakikwepa."

Nilimgeukia Rehema nikitegemea acheke, ningestahili. Hakucheka. Alinivuta mkono taratibu tukatoka nje, na dereva wa bodaboda alipotusogelea, Rehema akamwambia, "Leo hatupandi, kaka. Tunatembea."