Nyumba Isiyojibu Karibu

Shangazi yangu ni dobi, na mtaani wanasema hana adabu. Ukibisha hodi nyumbani kwake hujibiwi karibu. Unaachwa umesimama nje kama mzigo usio na mwenyewe, kisha sauti inauliza, "Nani?" Ukisema "mimi", inauliza tena, "Mimi nani?" Kuna wajomba waliokasirika wakaondoka zao bila kuonana naye. Shangazi hajaenda kuwaomba radhi, na wala hajapungukiwa wajomba.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mbele kuna chumba cha kupigia pasi chenye dirisha pana, na hapo dirishani ndipo wateja wanapoleta nguo na kuzichukua. Mchana ninakaa hapo mimi. Nyuma kuna ua wenye kamba za kuanikia, vyumba vya kulala, na mlango wa chuma unaotokea uchochoroni. Mteja hana haja na mlango ule. Anayeubisha ama ni mgeni, ama ni mume.

Maana wanaolala katika vyumba vile ni wanawake waliopigwa na waume zao wakaondoka. Wengine huletwa na afisa ustawi wa jamii, wengine huja kwa miguu yao baada ya kuelekezwa na mteja. Siku ya kwanza Shangazi haulizi kitu. Anaonyesha kitanda, bafu na jiko, kisha anarudi kwenye pasi yake. Anayetaka kazi anapewa kazi na ujira wake. Anayetaka kukaa akiangalia ukuta, ukuta upo. Ukimuuliza Shangazi kwa nini alianza shughuli hii, atakwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nafua mimi." Maelezo mengine hana, nami nimeacha kumdai.

Sheria ya mlango ilitokana na ulimi. Sisi tukisikia hodi tunajibu karibu kabla akili haijaamka. Hata mtu aliye bafuni na sabuni machoni atajibu karibu. Zamani mwanamke mmoja alijibu hivyo huku akisuuza mashuka, na aliyekuwa mlangoni akaingia, akamkamata nywele, akaondoka naye. Majirani walipomzuia alisema amekaribishwa, nao wakampisha. Tangu hapo kila anayefika anafundishwa kunyamaza. Shangazi hutoka nje uchochoroni, hufungiwa mlango, kisha hubisha hodi kwa sauti ya muuza maji, ya mama mkwe, ya mlevi anayelia. Aliye ndani anyamaze kwanza, ndipo aulize nani. Ukiyaona mafunzo hayo kutoka dirishani, utacheka mpaka mbavu ziume.

Msusi ndiye aliyekuwa mwanafunzi mbovu kuliko wote. Alifika na binti yake mdogo, mkono wa kushoto umevunjwa, umefungwa plasta, na mkono kwa msusi ndio shamba lake. Kila Shangazi alipobisha, yeye alijibu, "Karibu!" kwa sauti tamu, kisha akajiziba mdomo.

"Mwanangu, ulimi wako hauna komeo," Shangazi alimwambia.

"Nisamehe, Shangazi. Unatoka wenyewe."

"Basi uufungie ndani kama kuku."

Mumewe alikuwa fundi redio, na mtaa mzima ulimwita Mpole. Jina hilo ndilo lililomponza Msusi. Mpole alisalimia mpaka paka. Hakuwahi kuingia kwa mtu bila kubisha mara tatu na kungoja. Hata kwake alibisha. Msusi alipokwenda kulia kwa wakwe, waliulizana, "Mpole? Mpole huyuhuyu?" Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ni jirani yetu na rafiki wa Mpole, alitoa hukumu yake akiwa amekaa juu ya mfuko wa saruji: mwanamke yule bila shaka ana mdomo. Msemo wa simba mwenda pole ndiye mla nyama tunao tangu tunazaliwa. Sijui huwa tunauweka wapi siku ya kuutumia.

Sasa wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kikao. Habari zilizotufikia ni kwamba Msusi ataamriwa kurudi, na akikataa, mtoto atachukuliwa na upande wa baba. Alihitaji mtu mmoja tu wa kusema ameona au amesikia. Hakuwa naye. Ndani ya nyumba yao walikuwa wao wawili na mtoto, na mtoto haitwi kutoa ushahidi mbele ya wazee.

Siku mbili kabla ya kikao, Shangazi alikuwa ameinama kwenye beseni la wanga, akivuruga mabonge na kuyalaani. Uani Msusi alikuwa anaanika mashuka ya nyumba ya wageni, mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili, binti yake akicheza miguuni pake. Mlango wa chuma ulikuwa umerudishwa tu, komeo halikutiwa. Sauti laini ikaita kutoka uchochoroni.

"Hodi! Hodi, wenyewe! Hodi!"

"Karibuuu!" akajibu Shangazi.

Yeye mwenyewe. Mwalimu. Nilimwona akinyanyua kichwa, wanga unamtiririka viganjani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza jiwe. Sijawahi kumwonea huruma kama saa ile.

Mpole alikuwa ameshaingia, shati limenyooka, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama. Asante kwa kunikaribisha," alisema. "Nimemfuata mke wangu. Nyumba imepooza, watu wanauliza."

Nilitoka dirishani nikasimama mlangoni mwa chumba cha pasi bila kujua nitafanya nini. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Nani?"

"Ni mimi," akasema Mpole.

"Mimi nani?"

"Mumeo." Akatabasamu kidogo, akitutazama, kama mtu anayeombea radhi utani wa mkewe.

"Mume wangu mtu wa adabu," sauti ikasema. Maneno yalikuja kwa mpangilio. "Haingii uani kwa watu, nguo za ndani za watu zimeanikwa. Rudi nje ubishe upya, nije nikupokee kwa heshima, watu waone."

Na Mpole akarudi nje. Nimewasimulia watu wengi, na wote huniuliza, kweli alirudi? Alirudi. Alidhani ameshinda, na mshindi hupenda kushangiliwa. Msusi alitoka mbio nyuma ya shuka, akausukuma mlango kwa bega, na Shangazi akaruka na mikono yake ya wanga, akatia komeo.

"Hodi," akasema Mpole.

Kimya.

Alibisha mara ya pili, ya tatu, kama desturi yake. Tukanyamaza wote. Msusi alikaa chini akiegemea mlango, akaziba masikio ya mtoto. Alibisha tena, na hodi ikaanza kupoteza ulaini. Kisha ikaja teke, chuma kikalia, na sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia ikajaza uchochoro: "Fungua, mbwa wewe! Safari hii nakuvunja na ule mwingine!"

Mwenye duka alikuwa ameshatoka kuangalia nani anavunja mlango. Alisimama hapo na koleo lake, akasikia yote.

Kwenye kikao aliitwa kusema aliyoyasikia, akasema, huku akiangalia viatu vyake. Kesi ya polisi bado inakwenda, taratibu, kama zinavyokwenda. Mtoto yuko na mama yake. Mkono uliunga, umepinda kidogo, unasuka.

Shangazi hakulisema kosa lake kwa miezi. Juzi tulikwenda kumtembelea Msusi kwenye chumba alichopanga, mlango wa rangi ya kijani. Shangazi akabisha hodi. Kimya. Tukasikia mtoto ndani akiambiwa kitu kwa kunong'onezwa, kisha sauti yake ndogo ikauliza:

"Nani?"

"Mimi," akasema Shangazi.

"Mimi nani?"

Shangazi akanitazama, akashusha pumzi. "Mimi niliyesema karibu."

Komeo likavutwa.