Mazoezi ya Mama Taharuki

Wanafunzi ndio waliombandika jina la Mama Taharuki, na likamganda. Alikuwa mwalimu wa fasihi. Kila mwaka alifundisha tamthilia ileile ya Kiswahili ya wapenzi wawili wa koo zinazochukiana, na akifika pale msichana anapoinua kikombe cha sumu, anafunga kitabu, anakusanya chaki zake, huyo anatoka. Kinaya, sadfa, utabiri, vyote alikuwa navyo kiganjani. Mwambie mawingu yametanda, atakuuliza yanadokeza nini.

Nyumbani kwake sasa, jamani, haoni hasikii. Binti yake wa pekee, fundi cherehani, alikuwa amependana na kijana fundi magari. Baba wa kijana ndiye aliyetoa ushahidi uliomfukuzisha kazi marehemu mumewe, na mama hakusahau.

"Labda nife ndipo uolewe kule," alimwambia binti.

Binti akanyamaza. Alinyamaza wiki nzima, anakula kidogo, anajibu kwa kichwa. Nyumba ikawa nzito, hata redio hakuna aliyeigusa. Mama akajua ametiiwa, akafurahi moyoni. Tena kikundi cha maigizo cha mtaani kilikuwa kimempa binti nafasi ya yule msichana wa kwenye tamthilia, na kila jioni alijifungia chumbani kufanya mazoezi, mama akimrekebisha kutoka koridoni.

Jumamosi hiyo mama alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasikia sauti nyuma ya mlango.

"Mama, nisamehe. Nakupenda, ila siwezi tena kuishi na chuki yako."

"Unakimbiza maneno," mama akasema. "Hapo kwenye 'nisamehe' tua kidogo, mwanangu. Watu wakusikie."

Kisha binti akarudia, taratibu, akitua palepale alipoambiwa, na sauti ikamkatika.

"Haya, hapo umeniweza," mama akasema, akaenda zake jikoni.

Alikuwa anamenya vitunguu kisu kilipomsimama mkononi. Yule msichana wa kwenye tamthilia hana mama. Mama yake alishakufa kabla pazia halijafunguliwa. Wanafunzi wake wote wanalijua hilo. Akaacha vitunguu, akakimbia. Alipofika chumbani mlango ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, kabati tupu. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Simu ya binti haikupatikana.

Akatoka nje na kisu chake mkononi. Jirani alikuwa anaanua nguo.

"Kapita hapa na begi, analia," jirani akasema. "Yule kijana alikuwa anamsubiri kwenye gari. Nikamshika mkono, nikamwambia mwanangu, usiondoke hivi, rudi ukamuage mama yako."

"Akasemaje?"

"Kasema ameshakuaga. Eti na wewe umemjibu."

Mama Taharuki akatazama barabara. Haikuwa na mtu.

"Ndiyo," akasema. "Nilimjibu."